Damu ya Isihaka

Habari kwamba Sadala anatapika damu ilimkuta Chausiku shambani, naye hakukimbia. Alitia jembe begani, akarudi nyumbani taratibu, akaoga, akafunga khanga moja safi pamoja na vipande vya muhogo wa kuchemsha, kisha akaketi kizingitini kuvuta pumzi. Tangu atoe figo yake hakuwa tena mtu wa kukimbia. Hakuwa mgonjwa. Madaktari walimwambia kuwa mtu huishi na figo moja mpaka uzeeni, naye aliwaamini. Lakini kuna uchovu ulimwingia mahali ambapo madaktari hawakupashona, na tangu siku hiyo haukutoka.

Sadala alikuwa mdogo wake wa kumfuata, fundi wa mitambo katika kituo cha umeme pale Hale. Miaka michache nyuma, kabla watu wa Handeni hawajahamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, figo zake zote mbili zilikufa. Alivimba uso na miguu hata viatu vikawa havimwingii. Upasuaji wa kupandikiza figo haukuwapo hapa nchini, kwa hiyo serikali ikakubali kumpeleka India, kwa sharti moja: aende na ndugu wa tumbo moja aliye tayari kutoa yake. Ndugu walikuwa wawili tu, Chausiku mwenyewe na Isihaka, kitinda mimba wa mama yao. Wakapimwa Dar es Salaam, wote wawili wakafaa. Wazee wa ukoo wakasema atoe Isihaka, kwani ni kijana na ana nguvu, na Isihaka akaitikia kwa kichwa. Siku ya safari ilipofika hakuonekana. Walimkuta kwa wakwe zake huko Magoma, amejifungia ndani, anatetemeka kama mwenye homa. Hakuna aliyemlazimisha. Safari ilisogezwa mbele, na Chausiku, mjane ambaye watoto wake walikwisha kujitegemea, ndiye aliyepanda ndege.

Aliporudi, Isihaka alianza kumlimia shamba. Hakuombwa. Alifika alfajiri, akalima sehemu kubwa, akaondoka mara tu baada ya kumwamkia dada yake. Juu ya figo hawakuzungumza kamwe. Neno lile lilikuwa kama shimo katikati ya uwanja: kila mtu alijua lilipo, akalizunguka.

Kwa hiyo Chausiku hakushangaa, alipofika barabarani pale Misima, kumkuta Isihaka amesimama kando ya lori la mahindi ya kijiji. Habari ilikuwa imemfikia naye. Alimwamkia dada yake, akapokea mzigo wake, akamsaidia kupanda. Njia nzima hadi Korogwe, alikolazwa Sadala, walikaa juu ya magunia, vumbi jekundu likiwaingia puani.

Zuena, mke wa Sadala, walimkuta barazani nje ya wodi, amekaa juu ya mkeka, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Aliwaongoza ndani. Sadala alikuwa amelala chali, amepauka kama unga wa makopa, hata midomo haikuwa na rangi. Alifumbua macho, akawatambua, akajaribu kutabasamu.

Daktari Mhina alikuwa mtu wa milimani Usambara, mrefu, mwenye sauti ndogo, na uso wa mtu ambaye hajala chakula cha mchana kwa muda mrefu. Aliwaita kando. Alieleza kwamba mwili wa mtu haupendi kiungo cha mtu mwingine, hata akiwa ndugu, ndiyo maana Sadala alikuwa akimeza dawa kila siku kuuzuia usiikatae ile figo. Dawa hizo ziliilinda figo, lakini huku nyuma zilimchimba kidonda tumboni, na sasa kidonda kimetoboa mshipa. Damu imekoma kutoka, ila iliyobaki haitoshi kumfikisha kesho. Lazima aongezewe.

Chausiku akasema atatoa yeye.

"Hapana, mama," daktari alimjibu. "Wewe umeshatoa."

Damu ya Zuena haikuwa ya kundi la Sadala. Ya Isihaka ilikubaliana. Daktari akasema kuna jambo lazima walijue. Mtu wa huku bondeni, hata awe mzima kama jiwe, damu yake haikosi vijidudu vya malaria. Vimekaa ndani yake tangu utotoni, mwili umekwisha kuvizoea, unaishi navyo kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi. Lakini mwili wa Sadala umefungwa mikono na zile dawa. Vijidudu hivyo vikiingia kwake hakuna wa kuvizuia.

Isihaka akauliza kama havionekani. Daktari akasema ametazama damu yake kwenye darubini ya maabara na hakuona hata kimoja, ila kutoviona si kutokuwapo. Vikiwa vichache hujificha. Huko kwao Lushoto kwenye baridi wapo watu ambao hawajaugua malaria maishani mwao, na angependa sana kupata damu ya mmoja wao. Gari la hospitali lilikuwa limeharibika. Na hata lingekuwa zima, mpaka lipande milima, litafute mtu na kurudi, Sadala hatakuwapo.

"Basi nitoeni mimi," Isihaka alisema. "Nitoeni yote mnayotaka."

Alisema hivyo akiwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Chausiku alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakukiona kwa miaka. Isihaka alikuwa na furaha. Alikwenda kulala kwenye kile kitanda chembamba kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, na damu yake nzito, nyeusi kidogo, ikashuka kwenye chupa ya kwanza, kisha ya pili. Alipoinuka kizunguzungu kilimshika, akaegemea ukuta, akacheka mwenyewe.

Ile damu ilifanya kazi yake. Kabla jua halijazama Sadala alikuwa amepata rangi kwenye midomo, na siku iliyofuata aliomba uji. Zikaja siku ambazo Chausiku, baadaye, hakujua azihesabu katika fungu gani la maisha yake, maana zilikuwa njema na ubaya wote ulikuwa umo ndani yake. Isihaka hakubanduka kitandani kwa kaka yake. Alimwogesha, alimnyoa ndevu, alimshika mkono kwenda msalani. Walizungumza habari za utotoni, za mitego ya kanga na za bibi yao aliyekuwa akiwapiga kwa mwiko, wakacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kuwasikiliza. Sadala akamwambia Zuena kwamba sasa yeye si mtu mmoja tena, ana dada yake kiunoni na mdogo wake mishipani, na wakianza kugombana yeye atakimbilia wapi. Hata Zuena alicheka.

Chausiku alikuwa akikaa pembeni, ameegemeza mgongo ukutani, akiwatazama. Alitamani naye afurahi kama wao. Lakini aliona pia kwamba kila Sadala alipomeza vidonge vya malaria alivyopewa na daktari, tumbo lenye kidonda lilivirudisha. Dawa ya sindano ilikuwa imekwisha hospitalini. Iliagizwa Tanga, nayo ilikuwa haijafika. Muuguzi aliyeitwa Hamisa alijaribu kumsagia vidonge kwenye uji. Sadala akatapika uji na vidonge pamoja.

Homa ilianza asubuhi moja kwa baridi ndogo. Sadala aliomba blanketi la pili, akasema ni upepo wa dirishani. Adhuhuri alikuwa anagongesha meno. Daktari Mhina alikuja, akambonyeza tumbo upande wa chini, mahali ilipopandikizwa figo, na Sadala akaguna. Daktari akaona huenda mwili umeanza kuikataa figo, kwa sababu dalili zake huanza hivyo hivyo, kwa homa na maumivu. Akaongeza zile dawa za kuutuliza mwili. Akachukua na damu ya kupima malaria, na siku ile haikuonyesha kitu. Siku ya pili akapima tena. Safari hii alirudi kutoka maabara akiwa anatembea polepole.

Alimwambia Chausiku ukweli bila kuuzungusha. Vijidudu vimejaa. Dawa alizoongeza jana zimevifungulia mlango zaidi.

"Ningejua ningefanya vingine," alisema. "Sikujua."

Chausiku alimwona mtu huyu alivyokuwa akifanya kazi, anazunguka wodi tatu peke yake, na hakupata nguvu ya kumlaumu. Aliuliza tu kama kuna dawa. Daktari akasema kwinini ya kutia kwenye maji ya mshipani imefika na mzigo wa asubuhi ile, na ataianza sasa hivi.

Kwinini iliviua vile vijidudu. Hilo ndilo lililokuwa chungu. Homa ilishuka, darubini ikaonyesha damu inasafika, na kwa muda mfupi wote walipumua. Kisha mkojo wa Sadala ukawa mweusi kama kahawa, ukapungua, ukakoma. Figo ilikuwa imepigwa vibaya mno. Daktari akasema iko mashine ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, lakini iko mbali, nje ya nchi, na Sadala hawezi hata kuvuka barabara.

Chausiku alipoambiwa hivyo, alishika kiuno chake upande wa kovu. Ilikuwa ajabu kusikia kwamba kipande chake mwenyewe kinakufa ndani ya mtu mwingine naye hasikii maumivu yoyote. Alikaa kwenye ngazi za wodi kwa muda mrefu. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kutoka mtoni, njia yote ya mlima, na mtungi ukapasuka mlangoni.

Jambo hili Isihaka hakuelezwa na daktari. Alielezwa na Zuena, pale barazani, mbele ya watu waliokuja kuwaletea wagonjwa chakula. Zuena alikuwa amesimama, khanga imemteleza begani, na hakupaza sauti.

"Mara ya kwanza alikuomba uhai ukamnyima," alimwambia. "Mara ya pili umempa, kumbe umempa kifo. Nenda, shemeji. Toka machoni pangu."

Isihaka alikuwa ameshika sahani ya wali wa mgonjwa. Aliiweka chini taratibu, kana kwamba ina kitu cha kuvunjika, akateremka ngazi, akatoka lango la hospitali. Chausiku alitaka kumfuata. Alifika nusu ya uwanja, pumzi ikamwishia, na ndani Sadala alikuwa akimwita.

Sadala alikuwa na akili zake timamu bado, ingawa uso ulikuwa umeanza kuvimba kama zamani. Aliuliza Isihaka yuko wapi. Chausiku akamwambia ametoka kidogo. Sadala akamtazama, akajua.

"Daktari aliniambia mapema, lumbu," alisema. Lumbu ndivyo walivyoitana kwa Kizigua, kaka na dada, tangu wakiwa watoto. "Ninyi mlikuwa hamjafika. Aliniambia damu ya kwetu inaweza kuniletea homa, na homa inaweza kuniua. Nikamwambia ailete."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu anakuja amenyoosha mkono, amejaa furaha. Nimwambie damu yako naiogopa?" Alipumzika. "Toka India hajawahi kukaa na mimi. Alikuwa anapita Hale, anaacha mahindi kwa Zuena, anaondoka. Zile siku nimekaa na ndugu yangu. Mimi nimeshiba."

Hakusema mengine ya maana baada ya hapo. Usingizi mzito ulimchukua, akafa mchana, mkono wake mmoja ukiwa mikononi mwa mkewe.

Walimzika kwenye mahame, kule walikokaa kabla ya kuhamishwa, karibu na makaburi ya wazazi wao. Mwenyekiti wa kijiji alikubali bila maneno mengi. Nyumba zao za zamani zilikuwa zimeanguka, na ilibidi vijana wafyeke njia kwa panga ili jeneza lipite. Watu walimtafuta Isihaka ashuke kaburini kumpokea kaka yake. Hakuwapo. Akashuka binamu. Minong'ono ikaanza pale pale, kabla kaburi halijafukiwa: mara mbili sasa mtu huyu amekimbia. Chausiku aliisikia. Siku hizo kila kitu kilimjia kwa mbali, kama sauti ya watu walio ng'ambo ya bonde.

Matanga yakaisha. Mke wa Isihaka alikuja kila jioni na mtoto mgongoni kuuliza kama kuna habari, na kila jioni hakukuwa na habari. Mwishowe ni Namunyak aliyeileta, mama wa kifugaji aliyezoea kuuza maziwa pale kijijini. Alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba Mzigua mmoja yuko bomani kwa mumewe, kule nyikani, anachimba lambo la kunyweshea ng'ombe. Anachimba tangu asubuhi mpaka giza. Haombi malipo. Chakula anapewa, anakula kidogo. Mumewe ameanza kumwogopa.

Chausiku alikwenda na Namunyak siku ileile. Njia ilikuwa ndefu na kavu, ya miiba na majani yaliyopauka, na ilibidi apumzike mara nyingi. Namunyak hakumharakisha. Walipofika lambo lilikuwa limekwisha kuwa na kina cha mtu. Isihaka alikuwa chini, kifua wazi, amekonda, ngozi imefunikwa na udongo mweupe. Alipomwona dada yake aliacha kuchimba, lakini hakupanda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Chausiku aliketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya shimo. Alikuwa amejipanga njia nzima maneno ya kumwambia, sasa yote yamepotea. Akamwambia kwanza alivyosema Sadala, neno kwa neno, kwamba alijua, kwamba alikubali, kwamba alishiba. Isihaka alisikiliza akiwa ameinamia mpini wa sururu.

"Alisema hivyo ili unifariji," alisema.

"Hakujua kama nitakuona. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Isihaka akasema, polepole, kwamba angetoa figo wakati ule, Sadala asingehitaji damu yake.

"Angehitaji," Chausiku alimjibu. "Dawa zilizomchimba tumbo ni zilezile, figo ingekuwa yako au yangu. Nilimuuliza daktari."

Ni kweli alimuuliza, siku ya kuchukua maiti, akijua kuwa siku moja atalihitaji jibu hilo. Lakini aliona halikumfikia, kwa hiyo akasema lingine, ambalo hakupanga kulisema.

"Nisikilize, Isihaka. Miaka yote hii nilikuwa na hasira na wewe kwa ajili ya figo. Ulinilimia shamba, nikala mahindi yako, na hasira nikawa nayo. Nikipanda kitandani ubavu ukiniuma nilikuwa nakutaja. Sikukusamehe. Hiyo ni haki yangu nami nakwambia. Lakini kwa damu, sijawahi kukukasirikia hata dakika moja. Ulichokuwa nacho ulikitoa. Kilichokuwa ndani yake hukukitia wewe. Kimo ndani yangu, kimo ndani ya mtoto wako, kimo ndani ya kila mtu wa bondeni. Ungekuwa na damu nyingine ungempa hiyo."

Isihaka aliketi chini palepale, kwenye udongo wa lambo, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Ng'ombe wawili waliokuwa karibu waliinua vichwa. Chausiku hakushuka kumbembeleza. Hakuwa na nguvu ya kushuka, na akishuka hakujua kama ataweza kupanda. Alingoja.

"Na hasira ya figo?" Isihaka aliuliza alipomaliza. "Bado unayo?"

Chausiku aliitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa kitu kwenye kapu.

"Nimechoka nayo," alisema. "Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Ilionekana kuwa jibu hilo lilimfaa kuliko msamaha. Alipanda, akanawa, akamuaga Lemayian mwenye boma, mume wa Namunyak, aliyemlazimisha kupokea mbuzi mmoja jike kwa kazi ile, na wakaanza njia ya kurudi. Kwa kuwa Chausiku alikuwa akitembea polepole, naye alitembea polepole.

Watu wa kijiji hawakumpokea vizuri, lakini hawakumfukuza. Wakati wa msimu wa kupanda minong'ono ilipungua, maana kila mtu alikuwa na kazi yake. Aliyebaki ni Zuena. Alikuwa kwenye eda kule Hale, katika nyumba ya wafanyakazi wa kituo, na wakubwa wa mumewe walikuwa wamekubali akae hapo mpaka eda iishe. Isihaka hakuthubutu kwenda. Alimwuliza Chausiku mara kwa mara shemeji anaendeleaje, na Chausiku akamjibu kwamba anaendelea.

Eda ilipokwisha, lori likapatikana la kumhamisha Zuena kurudi kwa wazazi wake, na Chausiku akasema yeye hana mgongo wa kubeba makabati. Isihaka akaelewa, akafuatana naye. Walifika Hale wakati wa asubuhi, mngurumo wa maji ya Pangani ukisikika nyuma ya nyumba. Zuena alikuwa ndani, amekwisha kuvua nguo za msiba, anafunga vyombo kwenye shuka. Alimkumbatia wifi yake, kisha akamwona aliyesimama nje ya mlango na kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji," Isihaka alisema.

Zuena hakuitikia. Aliendelea kufunga fundo, akalikaza, akalifungua, akalifunga upya. Chausiku alikaa juu ya gunia, akatazama mikono ile. Alikuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo.

Wanaume wawili wa jirani walikuja kubeba viti. Meza ikatoka. Kikabaki kitanda cha Sadala, cha mbao nzito ya mninga alichokitengeneza mwenyewe. Zuena alishika upande mmoja, akajaribu kukiinua, kikagoma. Akasimama hapo na mikono kwenye mbao, amewapa mgongo.

"Marahaba," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Shika huko upande wa pili."

Isihaka aliingia, akashika.